Mizizi ya Mjohoro wa Zahanati

Mama mdogo wangu ni mtunza bustani wa zahanati, na akishaamua jambo, hata umletee tingatinga habanduki. Wauguzi wanamwita Dakta kwa utani, maana huingia kazini na mkoba wenye msumeno, mkasi na chupa ya spiriti ya kusafishia meno ya msumeno. Mimi simtanii. Nimemwona akifanya kazi.

Mwaka jana mizizi ya mjohoro ilianza kuusukuma ukuta wa chumba cha chanjo upande mmoja, na upande wa pili ikapasua njia ya saruji. Daktari mkuu, mtu mwema ila subira hana, akasema mti ukatwe. Chini yake ndipo kina mama hukaa na watoto wachanga kungoja zamu. Kivuli kingine hakuna. Mama mdogo akaomba aupunguze mizizi tu. Akakubaliwa, kwa sharti amalize wiki hiyohiyo.

Alichimba mtaro upande wa ukuta tu, mbali kidogo na shina. Udongo ulikuwa umeshindiliwa na miguu ya watu miaka nenda rudi, jembe linadunda. Mizizi hakuicharanga. Aliifukua kwa mikono, akaikata kwa msumeno, kwani, alinieleza, mzizi uliochanika huoza na uliokatwa vizuri huchipua. Kisha akafukia kwa udongo laini uliochanganywa na majani yaliyooza, akafunga mkoba.

Daktari akauliza, na upande wa njia je? Akajibiwa kwamba ni mpaka mvua ijayo. Hapo akapandisha sauti mbele ya wagonjwa: kama kazi imemshinda, wapo wanaoitaka. Mama mdogo alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu.

"Daktari," alisema taratibu, "kuna mti niliwahi kuukata mizizi pande zote siku moja, kwa sababu bosi alikuwa na haraka. Ulikauka umesimama. Sitaua mwingine. Ukitaka wa kuua, tafuta mtu."

Daktari aligeuka, akarudi ofisini kwake.

Mwezi uliofuata mjohoro ukapukutisha karibu nusu ya majani. Watu wakasema ndiyo basi tena. Yeye alimwagilia maji kila asubuhi, na waliomsema akawaitikia salamu tu. Nilimpenda mno siku zile, na nilimwonea huruma.

Asubuhi moja daktari akaja na fundi mwenye msumeno wa mashine. Mama mdogo hakubishana. Alipiga magoti kwenye ule mtaro, akafukua kwa vidole, akamwita daktari aje aone. Pale mzizi ulipokatwa palikuwa pameota vijizizi vyeupe, vyembamba kama uzi, vingi ajabu, vimejipenyeza kwenye udongo laini. Daktari akachuchumaa na suruali yake iliyonyooshwa pasi, akavigusa kwa kidole kimoja, polepole, kama anavyogusa utosi wa mtoto.

Akamwambia fundi aende zake.

"Upande wa pili," alimwambia mama mdogo, "utaniambia wewe ni lini."