Baraka ya Mzee Yiamat

Baba mkwe wangu, mzee Yiamat, alikuwa katekista wa kigango cha Wakatoliki hapa Oldonyo Sambu. Miaka ile ya ruksa, mitumba ilipojaa sokoni Sakina, alijinunulia koti refu lenye mifuko sita, na yote sita akaijaza peremende za wajukuu. Macho yake yalikuwa yameshachoka kusoma, lakini sala alizijua kwa kichwa.

Mimi nilizaliwa Mlutheri. Nilipoolewa nilikuja na Biblia yangu ya kipaimara, na baba mkwe hakunikataza kuisoma. Siku moja nikimnyonyesha Ruth, akaniambia, "Mama Ruth, nisomee kitabu cha Tobiti, pale mwanawe anaposali siku ya kuoa. Nataka isomwe kwenye harusi ya Namnyaki."

Nikafunua. Nehemia, halafu Esta. Nikarudi nyuma, nikaja tena mbele.

"Baba, humu hayumo."

"Tafuta vizuri, mwanangu. Kitabu kizima kitapoteaje?"

Namnyaki, binti yake wa mwisho, alikuwa anaolewa na Lemayian, fundi magari wa Sakina, Mlutheri. Paroko alishatoa kibali wafunge ndoa usharikani, kwa Walutheri. Mwinjilisti wa pale alikuwa mzee Sakaya, rika moja na baba, walitahiriwa msimu mmoja. Hawakuacha kutaniana. Baba akamfuata na ombi lake.

"Kwenye Biblia yetu hakipo," Sakaya akamjibu. "Mmekiongeza wenyewe."

"Nyinyi ndio mmekipunguza! Kanisa lilikuwepo kabla hamjapata hata karatasi."

"Sisi tunafuata Maandiko tu. Nyie hata kupiga chafya mnaomba ruhusa Roma!"

"Basi oeni wenyewe. Mimi mlangoni kwenu siingii."

Tulidhani ni utani. Lakini alipofika nyumbani akavua koti, akalitundika, akasema harusini haendi. Namnyaki alilia mpaka uso ukamvimba. Bibi harusi aliyesusiwa na baba yake angeinuaje uso mbele ya watu?

Asubuhi ya harusi nilimpelekea baba chai. Nikamwambia, "Baba, kusoma kanisani wamekataa. Lakini kumbariki binti yako hapa langoni mwa boma, nani wa kukukataza?"

Akanywa chai mpaka ikaisha, kisha akaomba kibuyu cha maziwa na majani mabichi.

Kwetu mzee akibariki, kila aliyesimama pale huitikia "Naai", yaani Mungu na afanye hivyo. Kunyamaza ni kama kumlaani bibi harusi. Sakaya alikuja na upande wa bwana harusi, akavua kofia kama wengine. Baba akamnyunyizia Namnyaki maziwa, akaanza kwa Kiswahili ili wageni wote waelewe.

"Mungu aliyempa Adamu Eva awe msaada na tegemeo lake, awabariki."

"Naai!"

"Mume wako akuchukue kwa moyo mnyofu, si kwa tamaa."

"Naai!"

"Mhurumiwe, mzeeke pamoja."

"Naai!" Sauti ya Sakaya ilizidi zote. Tone la maziwa likamwangukia Ruth mdomoni, akalilamba.

Sakaya akafuta macho. "Maneno ya wazee wetu matamu jamani. Yangeandikwa."

"Yameandikwa," baba akasema taratibu. "Hiyo ndiyo sala ya Tobiti."

Nikaziba mdomo kwa kanga. Sakaya akamtazama baba, akatazama mbingu, kisha akacheka mpaka akakamata nguzo ya lango.

"Katekista, umeniitikisha mara tatu!"

"Na ulivyopaza sauti! Rudisha basi, kama unaweza."

"Neno jema halirudishwi. Twende zetu. Huyo Tobiti wako ni nani hasa?"

Wakatangulia njiani bega kwa bega, baba akisimulia. Walipofika kanisani, kijana wa hadithi, mwanawe Tobiti, alikuwa bado anapambana na samaki mtoni, na baba akasimama kizingitini amalizie.

"Baba," Namnyaki akamwita kutoka ndani ya shela, akicheka, "ingia kwanza!"

Akaingia.