Jemadari Aliyemkaribisha Mfalme

Habari za mfalme huyo nilizipata Pazhou, kwenye maonyesho ya biashara ya Wachina, kwa Mhispania mmoja mnunuzi wa taa. Tulikuwa tumekaa chini nje ya ukumbi, tumevua viatu, tunapumzisha miguu. Aliniuliza kwetu tulitawaliwa na nani. Nikamjibu, kisha nikamuuliza, na kwenu je?

"Na ndugu wasiopendana," akasema, akacheka.

Mfalme wake alitawala Kastilia, ufalme wa kwao, zamani sana, karibu miaka ishirini, na hakupata mwaka wa raha. Baba yake alikuwa na mke wa ndoa, na mwanamke mwingine aliyempenda zaidi akamzalia wana wengi. Baba alipokufa kwa tauni, mtoto wa ndoa akakalia kiti angali kijana, na yule mwanamke akauawa kifungoni. Wanawe hawakusahau. Mfalme naye akaua ndugu, akaua mabwana wakubwa, akamfungia mkewe ngomeni. Wakubwa walimwita Mkatili. Wengine, hasa watu wadogo, walimwita Mpenda Haki, kwa kuwa aliwabana wakubwa hao hao. Mwishowe ndugu yake mmoja wa baba akamzingira katika ngome, akisaidiwa na askari wa kukodi kutoka Ufaransa.

"Akatokaje?"

"Jemadari wa Wafaransa alimwahidi usalama, akamkaribisha hemani kwake. Ndugu yake akaingia. Wakakamatana kwa mikono. Mfalme alikuwa juu, na inasemekana jemadari ndiye aliyemshika mguu akampindua, ndugu yake akamuua."

Nilikuwa na chupa ya chai mkononi. Nikaifunga kifuniko.

Mwaka uliotangulia, vijana wawili wa Dar es Salaam, baba mmoja mama mbalimbali, walikuwa wakigombea ofisi ya kusafirisha mizigo aliyoiacha baba yao karibu na barabara ya Guangyuan Xilu, mjini humu. Mkubwa, mtoto wa ndoa, alikuwa mkali. Wafanyabiashara wenzake hawakumpenda, ila wapagazi walimpenda, maana hakuwahi kuwapunja. Mdogo alikuwa mtoto wa nje, mtamu wa maneno, akiniita baba. Mkubwa aliwahi kunikosoa kikaoni mbele za watu, na alikuwa sahihi. Viza yake ilipoisha akajificha kwa rafiki, hapokei simu ya mtu ila yangu.

Nilimpigia Ijumaa, baada ya swala. "Njoo kwangu, mwanangu. Hapa hakuna atakayekugusa. Nakuahidi."

"Mzee, nakuja kwa sababu yako tu. Na upike wali, nimechoshwa na tambi."

Wali niliupika. Mdogo wake alikuwa chumbani tayari. Nilijiambia kwamba nawapatanisha, lakini mpatanishi humwambia kila mmoja kuwa mwenzake yupo. Mimi nilimwambia mmoja tu.

Mdogo alipotoka chumbani, mkubwa hakumtazama yeye. Alinitazama mimi.

"Mzee, hata wewe?"

"Umetoka shimoni, panya?" mdogo akasema. "Ofisi ya baba unaiendesha ukiwa uvunguni?"

"Baba yupi? Kamuulize mama yako cheti cha ndoa kiko wapi."

Wakashikana. Mkubwa alikuwa na nguvu, akamlaza sakafuni na kumwekea goti kifuani. Hakumpiga. Alimshikilia tu, akisema, "Tulia, dogo. Tulia." Hapo ndipo nilipomkamata mabega nikamvuta nyuma kwa nguvu zangu zote. Kichwa chake kikagonga pembe ya meza, na mdogo akampanda juu, akampiga mpaka jirani akaita polisi. Polisi walipouliza nani aliyeanza, nilimwonyesha yule aliyekuwa akitoka damu sikioni. Wakampeleka hospitali, kisha, kwa kuwa hakuwa na viza, wakamrudisha kwao Dar es Salaam. Alifariki baada ya miezi michache. Sikupiga simu kumpa mama yake pole. Yeye alijua mwanawe alikuja kwangu kwa ahadi ya nani.

Hayo yote sikumwambia Mhispania. Nilimuuliza tu, "Na jemadari? Alifanywa nini?"

"Afanywe nini? Alipewa ardhi na cheo," akasema, akaanza kuvaa viatu.

Mdogo ndiye mwenye ofisi leo. Watanzania wa hapa tukikutana kula, hunivutia kiti cha mbele, huninawisha mikono yeye mwenyewe, na huwaambia wageni, "Mkikosana, nendeni kwa mzee huyu. Ni mtu wa kuaminika."

Nami hukaa kwenye kiti hicho.