Chungwa la Msuluhishi

Msuluhishi wa wanandoa wanaoachana ana chungwa moja mezani na sheria moja tu: mwenye chungwa ndiye anayesema, mwingine afunge domo lake. Vidole vyake virefu hulipokea huku na kulipeleka kule, na sauti yake haipandi hata watu watukanane mpaka mate yamrukie. "Baba, subiri. Chungwa liko kwa mwenzio." Leo mume na mke walikubaliana mtoto atakaa kwa nani, wakashusha pumzi. Mke akamwekea msuluhishi chungwa mkononi, akacheka: "Haya mama, zamu yako. Kwako nani msemaji?"

"Kwangu kuna amani tele, mwanangu."

Walipotoka, alibaki amelishika kwa mikono miwili. Akasafisha koo kama anayetaka kusema, akavitazama vile viti viwili vitupu, kisha akalirudisha mezani.