Sauti Yangu Bila Kigugumizi

Nauza mapazia Kariakoo, huu ni mwaka wa ishirini na sita, na miaka yote hiyo nimeuza kwa mikono zaidi kuliko kwa mdomo. Nina kigugumizi tangu utotoni. Mteja akiingia namwachia ashike kitambaa, nafungua jora juu ya meza, nainua pindo kuelekea mlangoni aone mwanga unavyopita. Bei naiandika kwenye karatasi. Wateja wa siku nyingi wamenizoea. Wageni wengine huondoka wakidhani nina maringo.

Biashara ya namna hiyo ilinitosha mpaka majirani zangu walipoanza kuongea na simu. Alianza muuza viatu wa ng'ambo ya barabara. Alisimamisha taa ya duara mbele ya duka, akapachika simu katikati yake, akaanza kupiga kelele, "Wapendwa, mzigo mpya umeshuka, tunatuma mikoani!" Wiki mbili baadaye wauza mashuka nao wakawa na taa zao, kisha wa masufuria. Mtaa ukawa kama studio. Ukienda kununua chai unapita umeinama usije ukaingia kwenye video ya mtu. Jirani yangu wa mazulia hata haongei mwenyewe. Ametengenezewa na akili mnemba binti mmoja mrembo ambaye hayupo popote duniani, anasifia mazulia kutwa nzima na hapepesi macho.

Wateja wakawa wanaingia kwangu na simu mkononi, wananionyesha video. "Samahani mzee, duka hili ni lipi?" Nawaonyesha kwa kidole, la tatu kushoto.

Binti yangu wa pili alikuwa amemaliza chuo na yupo nami dukani akisubiri ajira. Asubuhi moja alinishikia simu usoni. "Baba, sentensi moja tu. Sema, karibuni, leo tuna mapazia mapya."

Herufi K ni adui yangu wa muda mrefu. Video ilifika sekunde arobaini nikiwa bado kwenye "ka". Binti yangu hakucheka. Alizima simu, akasema tutapiga mikono yangu tu. Tukapiga mikono ikikata, ikikunja, ikipachika ringi, akaweka na muziki. Watu wakatazama, lakini maswali yakawa yaleyale: "Mbona kimya? Hiki kitambaa gani? Ongea basi!"

Ndipo akaniambia kuna programu inayojifunza sauti ya mtu. Ukishaifundisha, unaiandikia maneno, nayo inayasema.

"Kwa s-sauti ya nani?"

"Yako, baba. Yako wewe."

Mchana ule nilikata pazia la mteja likaenda upogo, nikalazimika kukata jingine. Sikuwa na akili ya mkasi.

Programu ilitaka dakika kadhaa za mimi kuongea. Nikasoma gazeti mbele ya simu, nikikwama na kuendelea, jasho likinitoka kama nabeba mizigo. Binti akaipa sauti ile, akaandika neno moja, akabonyeza. Simu ikasema kwa sauti yangu hasa, "Ka-ka-karibuni." Ilikuwa imejifunza kila kitu, na kigugumizi chenyewe! Tulicheka watatu, mimi, binti na mke wangu, mpaka mke wangu akakaa chini sakafuni.

"Imekupata kabisa," akasema akifuta machozi. Halafu akaniangalia. "Wewe mbona hukwami ukisoma na watu?"

Ni kweli. Tangu madrasa, tukisoma kwa pamoja, maneno yangu yanatoka moja kwa moja kama ya mtu yeyote. Nikiachwa peke yangu tu, mlango unafungwa. Mke wangu analijua hilo, kwa sababu msibani, kwenye kisomo, huwa ananisikia kutoka upande wa wanawake.

Basi Ijumaa alasiri, nyumbani kwetu Buguruni, tukafunga madirisha kwa ajili ya honi za barabarani na tukazima feni. Mke wangu akaingia chumbani na simu yake, akanipigia. Mimi nikabaki sebuleni na waya wa simu yangu sikioni, simu ya binti ikinirekodi. Yeye anasoma kule, mimi nasoma hapa maneno yaleyale, pamoja naye. Tukasoma habari za mpira. Tukasoma tangazo la viwanja. Tukasoma namna ya kupika samaki wa kupaka, na mahali fulani katikati ya tui la nazi nikagundua kwamba nimesoma ukurasa mzima bila kukwama. Nilikuwa nasikia anavyovuta pumzi kabla ya kila sentensi, nami navuta naye. Tumeoana miaka mingi na sikumbuki kama tuliwahi kukaa karibu namna ile, ingawa kulikuwa na ukuta kati yetu.

Jioni yake binti akaipa programu sauti hiyo mpya, akaandika, akabonyeza.

"Karibuni wapendwa. Leo nataka kuwafundisha namna ya kupima dirisha."

Nilisimama. Nikazunguka meza. Nikamwambia arudie, akarudia, nikamwambia tena. Ilikuwa sauti yangu, na ule ukavu wake, na ile tabia yangu ya kumeza mwisho wa maneno. Mtu huyo nilikuwa namjua. Ndiye anayeongea kichwani mwangu siku zote kabla mdomo haujamharibia. Sikuwahi kumsikia kwa masikio.

"Mzuri," mke wangu akasema. "Ila asije akaanza kunijibu jeuri."

Nilinunua daftari. Kila nilichotamani kuwaambia wateja kwa miaka ishirini na sita nikakiandika humo: kwa nini upana wa pazia uwe mara mbili ya dirisha, kwa nini kitambaa kirowekwe kabla ya kushonwa, kwa nini rangi ya waridi isitundikwe upande wa magharibi. Binti akanifundisha kwamba siku hizi mtu anakupa sekunde tatu, usipomshika anapita, kwa hiyo tuanze na swali. Mikono yangu ikapima dirisha, maneno yakapita kwa chini, na sauti ikauliza, "Mbona pazia lako linaonekana kama la kuazima?"

Tuliiweka asubuhi. Kufika adhuhuri simu ilikuwa inatetemeka mpaka ikaanguka kwenye boksi la ringi. Dodoma, Mtwara, Tabora. Mmoja aliandika, "Huyu mzee anafundisha kama mwalimu wangu wa darasa la tano." Nilikimbia, kweli nilikimbia na umri huu, kwenda kumwonyesha muuza viatu. Akanipigia makofi pale pale barabarani.

Siku chache baadaye akaja mama mmoja kutoka Upanga. Alishuka kwenye bajaji amevaa baibui, mkononi ana karatasi ya vipimo. Tukasalimiana kwa salamu fupi, kisha akasema, "Namuulizia yule mzee wa kwenye video."

"N-ni mimi."

Akachungulia nyuma yangu. "Hapana, yule anayeongea."

Binti alifungua mdomo ajibu. Nikamwinulia mkono. Ilinichukua muda, lakini nilimaliza mwenyewe: kwamba sauti ni yangu, ila imetengenezwa na ko-ko-kompyuta.

Yule mama akakaa kwenye kigoda. "Kwa hiyo nimetoka Upanga kuja kudanganywa?"

Maneno yale yalinichoma, kwa sababu hakuwa amekosea sana. Nilimwambia kwamba maneno yote yale nimeyaandika mimi, na kwamba aniulize lolote. Akafikiri, akasema sebule yake inapigwa na jua la jioni, mapazia yanapauka kila mwaka. Nikaanza kumweleza. Alisubiri kwa adabu, mpaka nilipokwama mahali akashindwa kuvumilia.

"Usichukue pamba tupu. Chukua iliyochanganywa na po-po-po..."

"Popo?"

"Po-polista."

Alicheka mpaka akashika meza. Nami nikacheka, na ajabu ni kwamba baada ya pale maneno yalitoka kwa urahisi zaidi. Aliagiza ya sebule na ya vyumba viwili, akanitaka niende mwenyewe kupima, kompyuta ibaki dukani.

Alipoondoka nikamwambia binti yangu aandike ukweli wote kwenye video inayofuata. Alisita. "Baba, watu watakimbia."

"Andika."

Akaandika nilivyomsomea kutoka kwenye daftari: sauti mnayoisikia imetengenezwa na akili mnemba kutokana na sauti yangu, maneno nimeandika mwenyewe, mimi nina kigugumizi, ukija dukani nipe muda. Wapo waliokejeli, wakauliza kama na mapazia ni ya kompyuta. Mteja mmoja wa mkoani aliyekuwa ameagiza alighairi, na sikumlaumu. Lakini wengi waliandika jambo ambalo sikulitegemea: wanataka kusikia ile nyingine. Ile yangu ya kawaida.

Nilikaa nalo wiki nzima. Jumamosi asubuhi nikamwambia binti asimamishe taa, tunaingia laivu.

Watu walianza kuhesabika juu ya kioo. Nikainua jora la kijivu. Bila shaka, kijivu ina K mwanzoni. Nikakwama. Nikaona maoni yanapanda haraka kwenye kioo, nikajua ni matusi, nikataka kuondoka. Binti akayasoma kwa sauti: "Vuta pumzi baba, tupo." "Mimi pia ninacho, twende pamoja." "Chukua muda wako, chai yangu bado ya moto." Nikavuta pumzi. Neno likatoka. Nikaendelea hivyo karibu saa nzima, nikikwama, nikicheka, nikionyesha, na tulipozima shati langu lilikuwa limelowa kama nimetoka baharini Feri. Sikupona kitu. Lakini nilikuwa nimeongea mbele ya watu kwa saa nzima, na nilitaka tena.

Sasa tunafanya vyote viwili. Masomo ya kwenye video anayasema yule asiyekwama, na Jumamosi naongea mimi. Mwezi uliopita binti akaja na jipya: programu ileile inaweza kunifanya niongee Kifaransa, kwa ajili ya wafanyabiashara wanaotoka Kongo. Nilijisikiliza nikitoa Kifaransa kama mtu wa ubalozini, bila kuelewa neno hata moja, nikacheka peke yangu nyuma ya majora, kisha tukaiweka mtandaoni.

Juzi akaingia mama mmoja mnene, mchangamfu, kutoka Lubumbashi, akanimwagia Kifaransa tangu mlangoni. Nikainua mikono miwili. "Mama, Ki-Kifaransa ni cha simu. Mimi nina Kiswahili tu, nacho ki-kinakwama."

Akapiga kofi mapaja yote mawili. "Na miye Kiswahili niko nacho, baba! Leta kile kitambaa cha kijivu. Kiko mita ngapi yote?"

Sikujua kimebaki mita ngapi. Tukalishika jora, mimi upande huu, yeye na binti yangu upande ule, tukalifungua kutoka kaunta hadi mlangoni, tukavuka mlango, tukaingia kwenye njia ya watu wanaopita, na bado lilikuwa linaendelea. Wapita njia wakawa wanaliruka. Muuza viatu akatoka na simu yake kuturekodi.