Mchana Mama Aliposoma Menyu

Asubuhi mama alipofunguliwa bandeji, kitu cha kwanza alichokitazama ni mikono yake. Aliigeuza huku na huku, akasema polepole, "Kumbe nimezeeka hivi." Kisha akacheka. Kwa miaka miwili mtoto wa jicho alikuwa amemfunikia dunia, kama ukungu unavyofunika mashamba yetu ya Kiminini mwezi wa Julai. Sasa kila kitu kilimjia kimeoshwa: shuka, ukuta, koti la daktari. Alisema rangi nyeupe ina samawati ndani yake, na kwamba alikuwa amesahau.

Tulikuwa Eldoret. Gari la kurudi Kitale lilikuwa la alasiri, nami nilikuwa na wazo ambalo sikuwa nimemwambia. Kuna mkahawa wa Kiitaliano, ghorofani, ambao nilikuwa nikiupita kila nilipokuja jijini kwa mafunzo ya walimu. Mara zote nilitazama juu, nikaona mapazia mepesi yakijaa upepo dirishani, nikaendelea na safari zangu. Siku hiyo nilimshika mama mkono, tukapanda ngazi.

Ndani kulikuwa na utulivu wa kanisa kabla watu hawajafika. Vitambaa vya meza vilikuwa vyeupe, glasi zina miguu mirefu, na mwanga wa saa saba ulipita katika zile glasi ukaanguka mezani vipande vipande. Mama alivua miwani nyeusi aliyopewa hospitalini. Nikamwambia airudishe, daktari amesema.

"Niache kidogo, mama," akaniambia. Ananiita mama kwa sababu nimebeba jina la mama yake. Akaanza kukigusa kile kimwanga kwa ncha ya kidole.

Mhudumu alikuwa kijana mtaratibu aliyevaa aproni ndefu. Alituletea menyu, akaanza kutusaidia. "Hii ya viazi wageni wanaipenda sana," akasema. "Inaitwa ginochi."

Mama aliisogeza menyu usoni, akaitenga mbali kidogo, akapata mahali ambapo herufi zilikaa sawa. Miaka miwili alikuwa hajasoma hata Biblia yake. Midomo ikacheza bila sauti, halafu akasema, "Ni nyoki. Hiyo g hapo mbele hawaitamki hivyo."

Kijana akatabasamu. "Nyanya, umejulia wapi?"

Mama aliendelea kushuka na orodha, jina baada ya jina, na yale maneno yakatoka kinywani mwake laini, yakiimba, kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia nyumbani kwetu. Nilimtazama kama mtu anayemwona mgeni amekaa kwenye kiti cha mama yake. Nilijua kwamba kabla ya kuolewa alifanya kazi kwa watawa, katika misheni moja huko Bungoma. Siku zote nilidhani alikuwa akifua nguo.

"Nilikuwa jikoni," alisema kijana alipoondoka. "Kulikuwa na mtawa mmoja mzee, Mwitaliano. Ndiye alinifundisha. Tulichemsha viazi, tukaviponda na unga, kila kimoja tunakiviringisha nyuma ya uma. Nikiharakisha ananiambia piano, piano. Mimi nilidhani anaongea juu ya kinanda. Kumbe ni polepole."

Chakula kilikuja. Alifunga macho, akatafuna. Nje mawingu yalipita, meza yetu ikaingia kivulini, ikatoka tena.

"Yule mtawa alipougua, wakamwita arudi kwao," akaendelea, macho bado yamefungwa. "Akataka niende naye. Ningesomea upishi huko. Baba yangu alikubali. Nikapigwa picha ya pasipoti pale Bungoma, nikashonewa nguo."

"Na hukuenda?"

"Siku gari lilikuja kunichukua, niliingia kwa shamba ya mahindi nikakaa chini. Nilisikia wakiniita. Nilisikia gari ikiwashwa, ikaenda mpaka nikasikia majani tu."

"Uliogopa?"

Alifikiri. "Sikuogopa. Nilikuwa nimekaa hapo, mahindi imenipita kichwa, kuna baridi nzuri. Nikaona sitaki kutoka. Mpaka leo sijui kuisema vizuri. Hata baba yako sikumwambia."

Baba amekufa miaka saba sasa. Nilitaka kumuuliza mengi. Moja tu ndilo lililotoka. "Ulijuta, mama?"

"Siku zingine. Mvua ikinyesha sana, tumefungiwa ndani, nilikuwa najiuliza huko kunanyesha aje. Lakini si kila siku." Akachukua uma wangu, akanionyesha jinsi nyoki inavyochukua mchuzi kwenye mikunjo yake. "Hizi wameviringisha kwa haraka. Lakini ni tamu."

Kijana aliporudi kuuliza kama tutahitaji kingine, mama alimwomba kahawa, kwa Kiitaliano, na kijana akainama kidogo kama mtu aliyesalimiwa na mkubwa. Nilitazama saa, nikajua gari letu limeshajaa. Nikaliacha liende. Mama aligeuzia uso wake dirishani akaitazama barabara, watu na rangi zao zote, na mimi nikamtazama yeye, nikijaribu kumwona yule msichana aliyekaa kimya katikati ya mahindi huku akiitwa.

Tuliondoka na gari la jioni.