Uzi Niliomfungia Jirani

Rafiki yangu unayesoma, sogea karibu kidogo. Haya si maneno ya kupigia kelele pale bomba la maji. Nakuambia vile ningemwambia dada yangu tukichambua sukuma wiki, mtu ambaye najua hata akinikasirikia hatanitoroka.

Nilikuwa na wivu. Nianze hapo, kwa sababu nikizungukazunguka nitajipamba.

Tulikuwa tunakaa ploti moja Kawangware, karibu na steji ya mabasi ya 46, milango ya mabati ikiangaliana. Mlango wangu ulipakana na wa jirani yangu, ukikohoa kwangu yeye anasema pole. Tulikuwa kanisa moja, chama kimoja cha akina mama, na hata jioni tulikuwa darasa moja la gumbaru, maana sisi wote wawili tulitolewa shule tukiwa wadogo. Yeye alianza kusoma gazeti mimi bado naweka kidole chini ya kila neno.

Lakini si gazeti iliyonimaliza. Ni baiskeli.

Bwana yake alikuwa anafanya kazi ya shamba kwa Mzungu huko Lavington. Mzungu alipohama akamwachia baiskeli ya resi. Ilikuwa nyepesi, unaiinua na mkono mmoja. Tairi nyembamba kama mkanda, usukani umepinda kama pembe za kondoo, na gia nyingi, akizibadilisha inalia tik, tik, kama mtu anasaga karanga. Kwangu mzee alikuwa na blakmamba, ile nyeusi nzito ya chuma tupu, ya kusambazia vioski mkate. Gia yake ilikuwa miguu yake.

Sasa sikiliza kitu iliniuma. Hiyo baiskeli ya resi haikuwa na keria, huwezi kubeba mtu. Kwa hivyo jioni tukitoka darasa, huyo bwana alikuwa anangoja nje ya geti, anaisukuma na mkono mmoja, na mkono ule mwingine anamshikia bibi yake vitabu. Wanatembea polepole wakicheka. Mimi nilikuwa na bwana mwenye keria kubwa, na nilikuwa natembea nyuma yao peke yangu nikijifanya natafuta kitu kwa mfuko.

Miaka hiyo redio ilikuwa inasema kule Ulaya wale wanaolipwa kuendesha baiskeli wameshikwa na madawa ya kujidunga, wengine wametupwa nje ya mashindano. Asubuhi moja pale bomba nikasema kwa sauti, yeye akiwa hapo na ndoo, "Hizi baiskeli za pembe ndizo zinaleta hiyo tabia. Mtu hawezi kukimbia hivyo na ugali peke yake."

Akina mama wakacheka. Jirani yangu naye akacheka. "Dada, wangu anakimbia na maharagwe! Kuja siku moja ulale kwetu utajua." Wakacheka zaidi. Alikuwa hana sumu hata kidogo, na hiyo ndiyo ilizidi kunichoma.

Basi kampuni moja ya mkate ikatangaza mashindano. Walikuwa wanatafuta mtu mmoja wa kuvaa shati yao, awe anashindana kote nchini na kulipwa mshahara kila mwezi kwa kazi hiyo tu. Ploti nzima ilijua maana yake. Ni kutoka kwa nyumba ya mabati. Bwana yake akajiandikisha, na wangu pia.

Njia ilikuwa kutoka 46, kupita mtaa wa Kongo hapo hapo Kawangware ambako barabara ni mashimo na mawe, kufika steji ya Kona, kushika lami ya Ngong Road, kupita soko la Toi mpaka Makina kule Kibera, halafu kurudi. Mara mbili. Ili mtu asijifiche njiani, kila anayefika Makina alikuwa anafungwa uzi kwa mkono: raundi ya kwanza nyekundu, ya pili buluu. Na kwa vile mimi nilikuwa na mashini ya kufuma sweta za shule huko Makina, nyuzi zikawa zangu na kazi ya kufunga ikawa yangu. Pasta aliwaambia wenye kampuni, "Mpeni huyu mama. Huyu hajui kudanganya." Na ilikuwa kweli. Watu walikuwa wananiita niamue hata mambo ya foleni ya choo.

Asubuhi ya mashindano, tukinywa chai, mzee akanong'ona, "Mama watoto, nifungie zote mbili raundi ya kwanza. Ya pili nitakaa Kona kwa kibanda nikunywe uji, halafu narudi mbio."

"Ushindwe! Halafu Jumapili niimbe na mdomo gani?"

"Na huo huo. Mungu hana haja na mambo ya baiskeli."

"Ana haja na mke wako. Toka na hiyo maneno."

Akacheka kidogo, lakini niliona imemwuma. Akasukuma blakmamba yake akaenda. Mimi nikapiga magoti nikaomba mvua. Nilimwambia Mungu ni kwa ajili ya mboga, lakini alijua ninataka matope, zile tairi nyembamba zizame.

Na mvua ikanyesha! Nilikuwa nimekaa barazani kwa nyanya mmoja Mnubi, mwenye hiyo nyumba nilikokodi nafasi ya mashini, nikaona maji yakigeuza barabara ya Makina kuwa ugali mweusi. Nikasema asante Yesu. Wa kwanza kutokea alikuwa bwana wa jirani yangu. Kumbe tairi ilipozama alishuka, akabeba baiskeli begani kama mtoto na kukimbia na miguu. Nani atabeba blakmamba begani? Nikamfunga nyekundu. "Asante, mama," akaenda. Mzee wangu alikuja akiwa wa nne, anasukuma, anahema, matope mpaka masikio. Nikamfunga nyekundu moja, akaniangalia tu.

Raundi ya pili bado yule alikuwa mbele, na aliongoza mbali sana. Nyanya akasimama akapiga makofi. "Maashallah, angalia huyu anavyoruka! Ni bwana yako?"

"Hapana."

"Aa, ungekuwa na bahati."

Hayo tu. Yeye akaingia ndani kuanua nguo. Yule bwana akafika, akanyoosha mkono huku macho yako mbele kwa njia. Uzi wa buluu ulikuwa tayari kwa vidole vyangu. Nikaurudisha kwa mfuko, nikachukua nyekundu, nikaufunga vizuri na fundo mbili. Mkono wake ulikuwa matope matupu. Hakuangalia. Akasema tena, "Asante, mama."

Nilirudi 46 kwa miguu. Nikifika nikakuta watu wamejaa. Yeye alikuwa amemaliza wa kwanza, lakini walipomwosha mkono na maji ya kikombe zikaonekana nyekundu mbili.

Refa akaniona. "Mama, tumekungoja. Huyu anasema umemfunga mara mbili. Ulimfunga buluu?"

Nilimwona jirani yangu amesimama hapo na leso mpya. Ananitegemea mimi, unaona hiyo? Uso wake ulikuwa umetulia, kama mtu daktari wake amefika.

Nikasema, "Kila aliyefika mara ya pili nilimfunga buluu."

"Basi huyu mama hajui kudanganya. Hiyo nyekundu ya pili amejifungia mwenyewe," mtu akasema nyuma, na ikaisha hivyo. Vijana wakaanza, "Oyaa, Nyekundu Mbili! Ulikuwa umejificha wapi, buda?" Mwingine akasema, "Labda alijidunga akasahau njia!" Yale maneno yangu ya bomba, nikayasikia yakirudi kwa mdomo wa mtu simjui. Kazi ikapewa kijana mmoja wa Kongo. Mzee wangu alikuwa wa nne, akawa wa tatu. Hatukupata hata mkate.

Na mimi, Mungu anisamehe, kwa siku mbili nilikuwa na furaha. Jioni jirani yangu alitoka darasa akatembea peke yake kama mimi.

Siku ya tatu akaja kwangu mchana. Hakukaa. "Dada, wewe huwa hudanganyi. Bwana yangu ameapa alifika mara mbili. Nimemwambia siwezi kuamini yeye nikuache wewe. Hatuongei tangu Jumamosi. Niambie tu, ulimwona mara ngapi?"

Nikasema, "Watu walikuwa wengi, dada. Na mvua."

Akasema sawa. Akatoka polepole. Jumapili sahani ya meza ya Bwana ilinipita nikaipisha. Nilikuwa nikitaka aishi kama mimi, na sasa alikuwa anaishi vibaya kuliko mimi, na bado nilimwonea wivu, kwa sababu yeye angeweza kula ile mkate na mimi siwezi.

Nilitoka kanisani nikamwambia mzee kwanza. Akasema, "Ulinikatalia mimi uzi mmoja wa uongo, nikakuheshimu. Kumbe ulikuwa unauweka akiba ya mtu mwingine." Halafu akavaa viatu akanisindikiza mpaka mlango wa pili.

Niliwaambia wote wawili. Jirani yangu akauliza, "Ulikuwa unataka nini kwangu, dada?"

"Kila kitu," nikamwambia.

Bwana yake hakunitukana. Alisema tu, "Ungesema siku ile, mama." Jumatatu nilienda kwa ile kampuni nikaeleza, wakasema kijana ameshaanza kazi na mambo imefungwa. Nilisimama mbele ya akina mama wa chama nikasema yote. Wengine waliamini. Wengine walisema nimelipwa nimsafishe. Kule barabarani hakuna aliyesikia, na wale vijana waliendelea na Nyekundu Mbili yao mpaka mwisho wa mwezi, hiyo familia ikafunga vitu ikahama. Baiskeli yule bwana alikuwa amekwisha kuiuza. Walipotoka, alikuwa amembebea bibi yake mzigo na wanaongea. Niliwaangalia mpaka kona, na roho yangu, hata siku hiyo, ikauma.

Sijui wako wapi. Lakini watu waliomcheka walikuwa wengi, wakasambaa kila mahali, na mimi nina mdomo mmoja. Kwa hivyo nakuomba wewe, umsomee mwingine haya, naye amwambie mwingine. Ukikutana na mtu aliyekuwa 46 siku ile ya mvua, mwambie yule bwana alifika Makina mara mbili, na mara zote mbili alikuwa wa kwanza.