Ushuhuda wa Mume Wangu

Kabla hajawa mchungaji, mume wangu alikuwa mhudumu wa mezani katika hoteli moja ya Diani, na sauti yake ilikuwa ya chini hata wageni walimwomba arudie. Alikuwa na tabia ya kucheka kabla hajamaliza mzaha wake mwenyewe. Kisha zikaja zile vurugu za Likoni za kuwafukuza watu wa bara, wageni wakakimbia, hoteli zikafungwa moja baada ya nyingine, na sisi watu wa bara tukabaki Ukunda tukitazamana. Wengine walirudi makwao. Yeye akasema ameitwa. Sikubishana naye. Mwito ni mwito, na tena katika chuo cha wachungaji walikuwa wanapewa chakula cha mchana.

Chuo chenyewe kilikuwa ukumbi wa mabati nyuma ya soko, na Mkuu wake alikuwa mtu wa bara kama sisi. Alikuwa amehubiri viwanjani miaka mingi bila kipaza sauti, kwa hiyo sauti yake ilikuwa imekwaruzika, na alikuwa na kikohozi kisichopona. Akisoma mstari, hukohoa. Akimaliza, hujipangusa shingo kwa kitambaa cheupe. Haukupita muda, wanafunzi wote wakawa wanakwaruza. Mume wangu akaanza kukohoa kila baada ya mstari, na kifua chake kilikuwa kizima kabisa. Nilimchemshia tangawizi, akaikataa. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, lakini pale chuoni hakuna aliyeuona uchi wa mwenzake, kwa kuwa wote walikuwa wameazima nguo ile ile.

Akaacha pia shikamoo. Tulipanga chumba kwa bibi mmoja Mdigo, mtu wa swala tano, ambaye alitupokea tulipofika pwani hatujui hata kukuna nazi. Kila asubuhi mume wangu alikuwa akimwamkia kama mama yake. Sasa akawa anapita uani na Biblia kwapani, anapaza sauti, "Bwana asifiwe!" Yule bibi alivumilia wiki nzima, kisha akamsimamisha.

"Mwanangu, Mola asifiwe kila saa, mie sina neno," alimwambia. "Lakini shikamoo yangu wanipa lini?"

Mume wangu akafumba macho. Hili nalo walifundishwa: ukiulizwa jambo usilo na jibu lake, omba. Aliomba pale pale uani, kwa sauti ya Mkuu, mpaka kuku wakatoka jikoni. Bibi alisubiri amalize, akachukua ufagio wake akaendelea na kazi. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Na sisi wake tuliitwa kila Jumamosi tufundwe. Mke wa Mkuu alitufundisha kukaa kiti cha mbele, kufunga kilemba kisichoonyesha unywele, kutocheka mpaka meno ya nyuma yaonekane, na kuitikia amina kila mume anapovuta pumzi. Nilimwuliza, je, mume akisema uongo madhabahuni? Akaniambia kwamba mke wa mchungaji hasikii uongo, anasikia ujumbe. Wenzangu waliinamisha vichwa. Nami niliinamisha changu, maana nilikuwa mgeni na nilikuwa mjamzito, na sikuwa na pa kwenda.

Lakini somo lililowanyima usingizi wanaume lilikuwa Ushuhuda. Mkuu alikuwa akisema kondoo hawamfuati mchungaji asiyekuwa na kovu. Basi kila mmoja akatafuta kovu. Kijana wa Kinango, ambaye maisha yake yote alikuwa akichunga mbuzi za baba yake na kutafuta maji, akawa jambazi wa zamani, na kila alipohojiwa bunduki yake iliongezeka urefu. Mwingine alikuwa fundi cherehani mpole wa Msambweni. Akageuka mganga aliyeua kwa tunguri. Mume wangu alikuwa mkweli bado wakati huo. Zamu yake ilipofika alisimama akasema dhambi yake kubwa ni kwamba siku moja, hotelini, alikula keki iliyobakizwa na mgeni kwenye sahani. Darasa zima lilicheka. Mkuu hakucheka. Alimwambia, "Ushuhuda wako hauna damu."

Alirudi nyumbani amenuna, akaketi kitandani na viatu vyake. Nilimwambia namshukuru Mungu kwa kunipa mume wa keki. Hakuona la kuchekesha.

Mimba yangu ilipokuwa kubwa wakaingia somo la kufariji. Alifanya mazoezi nami chumbani: mimi nilale niwe mfiwa, yeye aingie. Simama upande wa kichwa. Shika mkono wa kulia. Mstari mmoja, maombi mafupi, uondoke. Usikae kitandani. Usilie, maana mchungaji akilia kundi hutawanyika. Na usimwulize mfiwa maswali, kwa sababu maswali yanatonesha kidonda. Nilicheka mpaka mtoto akanipiga teke, na mume wangu akaniomba nitulie, niwe mfiwa kwelikweli.

Uchungu ulinishika yeye akiwa Kikoneni, ambako wanafunzi walipelekwa kuhubiri nyumba kwa nyumba. Bibi ndiye aliyetafuta gari, ndiye aliyenishika kiuno mpaka hospitali ya Msambweni. Nilijifungua mtoto wa kike. Alikuwa ameshakufa. Alikuwa na nywele nyingi, na kidevu cha baba yake, kile chenye kishimo. Bibi alivua leso moja kati ya mbili alizojifunga, akamfunika, akamtazama sana kabla watu wa hospitali hawajamchukua kwenda kumzika. Kisha akaniambia, "Makiwa, mwanangu," akakaa sakafuni karibu na kitanda changu.

Mume wangu alifika kesho yake. Nilimwona mlangoni, na moyo wangu ulimkimbilia kabla hajanifikia. Nilikuwa nimemwekea yote: zile nywele, kile kidevu, na jina nililokuwa nimelichagua peke yangu nikiona haya kumwambia. Nilitaka aniulize tu. Lakini wodini kulikuwa na wanawake wengi, na yeye alikuwa na Biblia mkononi. Akaanza na kitanda cha kwanza. Akaenda cha pili. Aliwaombea wote, anakohoa, anajipangusa, nami nikisubiri zamu yangu kama niliyeko kwa kinyozi.

Alipofika kwangu alisimama upande wa kichwa. Akanishika mkono wa kulia. "Dada," akaniita, kisha akajirekebisha, "mke wangu, Bwana alitoa na Bwana ametwaa." Mstari mmoja. Maombi mafupi. Macho yake yalikuwa makavu, na niliona shingoni mshipa umemvimba kwa kuyazuia machozi. Ningemsamehe yote kama angeuachia mshipa ule. Hakuuachia. Akaondoka.

Bibi alimsindikiza kwa macho mpaka nje. "Hajakuuliza mtoto?"

"Hajaniuliza."

"Ataka kuuliza, haijui njia. Mwambie wewe."

Sikumwambia. Uchungu wa mwana aujua mzazi, na nilisema moyoni kama yeye ni mzazi atauliza. Tulirudi nyumbani, tukala, tukalala, mvua zikaja zikaisha. Kila alipofungua kinywa nilinyamaza nimsikilize, nikidhani leo ndiyo leo. Alizungumza habari za mahafali, za suti, za kanisa atakalopewa. Nilimchukia, kusema kweli. Nilimchukia nikiwa nampigia pasi mashati.

Siku ya mahafali ukumbi ulifurika. Niliketishwa kiti cha mbele na kilemba changu. Kila mhitimu alipewa nafasi ya kutoa ushuhuda. Yule wa Kinango alishangiliwa kwa bunduki yake. Kisha akapanda mume wangu, akakohoa, akajipangusa, akasema, "Watu wa Mungu, niliwahi kumzika mwanangu wa kiume."

Nilidhani amejikwaa ulimi. Hakuwa amejikwaa. Aliendelea: mwanangu wa kiume, mzaliwa wangu wa kwanza, mrithi wangu, nilimbeba kwa mikono hii mpaka kaburini, wala sikudondosha chozi. Aliinyoosha ile mikono ambayo siku ile ilikuwa Kikoneni. Akina mama walilia. Mkuu alikuwa anatikisa kichwa kwa furaha, ameona damu hatimaye. Na mume wangu, naapa, alikuwa anaamini kila neno.

Mkuu akasimama, akanijia na kipaza sauti. "Mama Mchungaji, thibitisha neno la mtumishi."

Mke wa Mkuu alinikanyaga mguu taratibu. Nilijua ninachotakiwa kusema, ni neno moja tu, na nilikuwa nimefundwa kulisema. Nilikishika kile kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Alikuwa wa kike," nilisema. "Alizikwa Msambweni, na baba yake hakuwepo."

"Amina!" ukumbi mzima uliitikia. Wapiga ngoma wakapokea, watu wakaanza kucheza, na Mkuu akaninyang'anya kipaza sauti huku anatabasamu.

Mume wangu peke yake hakucheza. Alishuka madhabahuni polepole akaja mbele yangu katikati ya kelele zile. Uso wake ulikuwa umebomoka, na machozi yalikuwa yanamtiririka mbele ya kundi lote. Nikajua sasa ataniuliza. Nilishaanza kufungua kinywa kumwambia habari za zile nywele.

Akaniinamia sikioni. "Mbona umeniaibisha?" akasema.